Bakuli Letu Lililo kwa Ramadhani

Kwa mke wangu Hadija,

Asalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti lake limepoa. Mimi huku ng'ambo ya mpaka sijambo, ila masikio ndiyo yamechoka, maana kelele za maji hazina mapumziko. Barua anakuletea dereva wa lori la saruji. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu nikianza kukasirika wewe unakata.

Miezi saba niko hapa na sikuwa nimeyaona maporomoko yenyewe. Usicheke. Mtambo wa umeme ukifanya kazi, mto karibu wote unapita ndani ya mabomba, na kule juu ya mwamba yanabaki maji membamba kama ya kutawadha. Yanaporomoka kweli siku tunapofunga mabomba tuyatengeneze. Basi Jumapili ya matengenezo nikapanda na Zebedayo, yule Mkongomani ninayechomelea naye. Hadija, ni pazuri. Mto mzima unajirusha chini, mweupe, na mtu analowa akiwa bado yuko mbali. Wageni walikuwa wengi. Mwanamume mmoja alikuwa amemshikia mkewe viatu ili mke asimame vizuri kwenye mawe apigwe picha. Nilimwonea wivu yule bwana, na ameshika viatu tu.

Hapo ndipo raha ikaniisha. Maji yakipita huku juu ya mwamba, mabomba yamefungwa na kwetu ni giza. Mhandisi anasema umeme wa hapa unachanganyika na wa mitambo mingine, huwezi kujua upi unawasha taa ya nani. Yeye hana mke huko mtaani kwetu Bwiza. Mimi najua tukifunga hapa friji yako ya juisi inazima, na friji ikizima, jirani yetu Ramadhani anavuta waya wa jenereta yake mpaka dirishani kwako.

Sina neno na waya. Neno langu ni bakuli. Uliniambia mwenyewe, tena unacheka, kwamba ulimpelekea samaki, mukeke wa kukaanga, kwa shukrani, ndani ya lile bakuli la maua tulilopewa siku ya harusi. Naye, kwa kuwa kalelewa, hakulirudisha tupu, akatia maparachichi. Kesho yake ukaona waya bado upo, ukapeleka tena. Nilipouliza mchezo huo utaisha lini, ukanijibu, "Mutu ananisaidia kila siku, mi nimupe asante ya mudomo tu? Mama yako ataniona namna gani?" Ulikuwa na haki, na mwenye haki ndiye anayeudhi.

Jumatatu nikaingia kazini na hasira badala ya chai. Nilitaka mtambo uwake siku hiyohiyo. Zebedayo akanitazama nikichomelea, akasema, "We, hiyo mushono haiko muzuri. Unakimbilia wapi?" Nikamwambia aangalie wake. Tulipojaza maji kwenye bomba ili tujaribu, mshono wangu ukavuja. Likafungwa tena, likamwagwa maji, tukaanza upya, siku tatu nzima. Yaani haraka yangu mimi ndiyo iliyomlisha Ramadhani mukeke siku tatu zaidi. Haraka haraka haina baraka, nimeisikia tangu sijajua kuvaa viatu, na bado.

Mama ameniambia waya ule unaingia nyumba nne, na wanaume wa nyumba hizo hawajalalamika. Najua. Lakini wao wapo. Wanamwona Ramadhani anavyopita, wanamsikia akikohoa, wanamjua kuwa ni mtu tu. Mimi ninachokiona kutoka huku ni bakuli, linakwenda na kurudi. Naona wivu, mke wangu, na nimechoka kujifanya sioni. Nikikumbuka kuwa kuna mwanamume anayeijua chumvi ya mkono wako wiki hii, na mimi niko mbele ya maharage ya kambini, tonge halipiti.

Mshono wa pili niliuchoma polepole, Zebedayo akiukagua kama mama mkwe, na umeshika. Umeme umerudi Bwiza tangu Alhamisi. Bakuli halijarudi. Unasema Ramadhani bado anatafuta kitu cha kutia. Mwambie asisumbuke. Msimamizi amenipa ruhusa ya siku kumi, na Mungu akipenda Ijumaa ijayo nitasali na mjomba wako Idi huko mtaani.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya kuchua ya goti nimeipata. Nisalimie dada yako Mwajuma, mshona nguo, umwambie kanzu yangu ya harusi aipunguze mbavuni, nimekonda. Mjomba Idi mwadhini umpe salamu zake za heshima.

Ramadhani usimsalimie, na bakuli usilifuate. Nitalifuata mimi. Nitapiga hodi, nitakaa kibarazani kwake, nitamshukuru kwa waya, maana amenitunzia nyumba nisipokuwepo. Kisha nitamwomba bakuli letu, na nitalichukua tupu hivyohivyo.

Mumeo,
Saidi