Wifi, Nimeanza Tena Kupungua

Mpendwa wifi Yasinta,

Marahaba. Najibu kabisa, maana ungekuwepo ungeshaniamkia kutoka kule kwenye migomba, sauti inafika kabla yako.

Nakuandikia mwenyewe kwa mkono wangu. Usicheke mwandiko. Anjela alisema, mama, wewe sema mimi niandike, nikamwambia hapana, maneno ya wifi na wifi mtoto hasikilizi. Na wewe unajua shule yangu iliishia wapi, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya lisukume tu, liende.

Wifi, habari zimenijaa. Hapa Endasak kila siku kuna jambo, na sina wa kumwambia. Nikimwambia kaka yako anasema, "Mama Anjela, hayo yanatuhusu nini?" Sasa mtu wa namna hiyo utapiga naye umbea gani? Yule hata nyumba ikiungua kwa jirani atauliza inatuhusu nini. Kwa hiyo nakaa nayo. Nakaa nayo mpaka yananiuma.

Lakini leo sikuandikii umbea. Leo nakuandikia habari ya mwili wangu, maana wewe ndiye ulianza kuushughulikia.

Unakumbuka siku ile tulikuwa tunarudi mnadani? Mimi na kapu langu, na kitenge kile cha bluu. Nikasimamisha bodaboda, yule kijana akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, halafu akaangalia mlima, halafu akaangalia pikipiki yake. Akasema, "Mama, samahani, hiki kilima na wewe, mmoja abaki." Watu wote pale wakacheka. Nikacheka mimi kuliko wote, nikamwambia, "Basi kilima kibaki, mwanangu, mimi nina wageni nyumbani." Wakazidi kucheka. Nikawa mama wa vichekesho wa mnada mzima.

Wewe hukucheka. Ukachukua kapu langu ukajitwika, tukapanda kwa miguu, mimi nasimama kila mahali napumua kama ng'ombe wa jembe. Tulipofika kwenye ule mti ulioanguka ukaniambia, "Wifi, pale umecheka kwa mdomo. Macho hayakucheka."

Nikakutukana, si unakumbuka? Nikasema ondoka hapa na kiuno chako cha sindano. Kwetu mke wa mtu akiwa mnene watu wanasema huyu anatunzwa. Akikonda wanamuuliza mume wake. Nilipoolewa hapa mama yenu alinilisha samli mpaka majirani wakamsifu, wakasema huyu mama anajua kulea mkwe. Unene wangu ulikuwa sifa ya boma lenu. Sasa uje wewe na macho yako uniambie sijacheka!

Lakini ulijua. Magoti yalikuwa yanalia, usiku nalala nimeketi. Ukanipeleka kituo cha afya mwenyewe, ukanishika mkono kama mtoto wa chanjo. Yule daktari akapima, akasema sukari, akasema presha, akasema, "Mama, usipopungua hii miguu itakukataa." Mimi nikataka kumpigia soga nimpotezee. Ukanifinya.

Kesho yake alfajiri ukaja mlangoni. "Wifi, toka tutembee mpaka korongoni." Nikakwambia rudi kalale. Ukasema, "Sawa. Mimi nilitaka tu kukwambia kilichompata fundi wa mashine ya kusaga jana." Halafu ukageuka, ukaanza kwenda!

We Yasinta! Nilitoka na kanga moja, kiatu kimoja cha Anjela na kimoja cha baba yake. Nikakufuata njia nzima. Na hukusema kitu mpaka nilipokufikia. Nikasimama nipumue, ukanyamaza. Nikatembea, ukaendelea. "Miguu ikisimama na habari inasimama," ukasema. Kumbe umenikamata. Ulijua mimi chakula naweza kukiacha, ila habari katikati siwezi.

Tukaenda hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Wale bodaboda wakawa wanatuuliza, "Akina mama, mna kesi mahakamani kila siku?" Unawajibu, "Tunaenda kumtafutia huyu mume wa pili, wa kwanza hamwezi." Mlima Hanang umejifunika wingu lake, mahindi yana umande, na mimi nacheka mpaka nashika mbavu. Na nikicheka nasahau kwamba napanda kilima. Wifi, sijui kama nilishawahi kukwambia asante. Mimi ninayesema yote, hilo sikumbuki kama nililisema.

Na kwa mama je? Kwa mama huwezi kukataa chakula. Mkwe akikuwekea ugali na kuumwagia samli kwa mkono wake, ukikataa umekataa na uzazi wake. Wewe ukasema tule sahani moja. Ukawa unavuta ugali wa upande wangu kidogo kidogo, unakula wewe, huku unamsemesha mama asituangalie. Mama anafurahi, sahani nyeupe! "Mama Anjela, nikuongeze?" Wewe unajibu kwa niaba yangu, "Muongeze mboga, mama, huyu siku hizi anapenda majani kama mbuzi."

Halafu siku moja ukaacha kuvuta. Nikakugusa kwa goti chini ya meza, nikadhani umesahau. Ukaniangalia tu. Ule ugali tukaubakiza, mama akauliza leo kuna nini, ukasema jua.

Na njiani ukaanza kubaki nyuma. Mimi, mimi huyu, nikawa nafika kwenye mti ulioanguka kwanza, nakungoja! Nikapiga vigelegele, nikasema leo nimemshinda mwenye kiuno cha sindano. Ukacheka. Sasa nikikumbuka, macho yako nayo hayakucheka, ila mimi sina jicho lako.

Yaliyofuata unayajua. Basi la kwenda hospitali ya Haydom, kichwa chako begani kwangu, na barabara ile isiyojua mgonjwa. Pale wodini ukawa mwepesi hivi kwamba nilikugeuza mwenyewe kitandani bila kumwita nesi. Ukaniambia, "Wifi, usiache kutembea. Usije ukanifuata upesi, nataka kwanza nipumzike na maneno yako." Nikacheka, nikatoka nje, nikakaa chini kwenye sementi.

Baada ya kukuzika niliendelea kutembea. Peke yangu. Nikawa najipigia umbea mwenyewe kwa sauti, watu wakaona nimerukwa. Na kwa majonzi chakula hakipiti, basi nikapungua kweli kweli. Daktari akafurahi. Akasema, "Mama, umeweza!" Nikamwambia daktari, hapa hajaweza mtu, hapa amekufa mtu.

Na watu nao, si unawajua? Pale mashineni Mama Neema akasema, "Mama Anjela anaisha. Wifi yake naye alianza hivyo hivyo." Walikuwa wananisema mimi, wifi! Mimi ambaye ndiye huwa naleta habari, nikawa habari. Hata sikukasirika. Niliona tu wamekosea mwanzo wako, ningewasahihisha.

Lakini mama akasikia. Akaja asubuhi na kibuyu cha maziwa ya mgando, na samli kwenye kopo. Akanikalisha. Akanishika mkono hapa juu, akauzungushia vidole vyake kama anapima mti. Akanimiminia. Nikanywa. Kesho yake akaja tena. Nikanywa. Mama ambaye tangu msiba hakuwa anakula wala kusemeshwa, akawa anaamka kwa ajili ya kuja kunilisha mimi. Siku niliyomaliza kopo la samli alitabasamu, wifi. Sasa niambie, wewe mwenye akili, ningemnyang'anyaje lile tabasamu? Nikaacha kutembea. Nikala. Mwili ukarudi wote na ndugu zake.

Mpaka kidonda kikatoka kwenye kidole cha mguu. Kidogo tu, kama jicho la kuku, nikakipaka mafuta nikaendelea na mambo yangu. Kikakataa kupona. Nilipokwenda kituoni yule daktari hakunisalimia hata, alipima sukari akainamisha kichwa. Akasema, "Mama Anjela, kidole hiki kikiharibika nitakutuma Haydom, na wao watakata. Anza tena. Na safari hii usiache."

Niliposikia Haydom nikavaa kiatu nikatoka bila kuaga.

Nikarudi nikamwambia kaka yako, naye akaenda kumwambia mama aache kuleta samli. Wifi, nilisikia kelele mpaka huku kwangu. Mama! Ambaye hapandishi sauti hata kwa mbwa! Nikaenda mbio, mbio zangu hizi, nikamkuta amesimama mlangoni. Akaniambia:

"Yasinta nilimuuliza. Nikamwambia, mwanangu, mbona unaisha? Akasema, mama, ni kutembea tu, natembea na Mama Anjela, tunapunguza mwili. Nikamwamini. Alitembea mpaka akaisha. Na sasa na wewe unataka kutembea?"

Hapo ndipo nilikukasirikia, wifi. Sijawahi kukukasirikia hata siku moja, hata ulipochoma sufuria langu. Kumbe ulijificha nyuma ya miguu yangu. Uliumwa ukamwambia mama ni mazoezi, na mbele yangu ukasema ni jua. Na yule mama wa watu kila alfajiri alikuwa anakuona unapita na mimi tunacheka, na moyoni anasema kile ndicho kinachomla mwanangu. Na kwake mimi ndiye nilikuwa nakutoa nje. Amenivumilia, amenilisha, na miezi yote hiyo anaamini hivyo!

Nilikukasirikia mpaka nikalia. Halafu hasira ikaisha, maana nilikujua. Hukutaka mama aanze kulia mapema. Ulitaka acheke kidogo tena. Nami ningefanya hivyo hivyo, ila mimi nisingeweza kunyamaza, ningekuwa nimeshawaambia kijiji kizima.

Basi nikakaa chini pale mlangoni kwa mama, nikavua soksi. Nikamwonyesha kidonda. Nikasema, "Mama, Yasinta hakuliwa na kutembea. Alikuwa na ugonjwa tumboni, akauficha ili wewe ulale. Mimi wangu huu hapa, haufichiki. Kilichompunguza yeye ni ugonjwa. Mimi nisipopungua ndipo ugonjwa utanichukua. Mimi siwezi kukataa kitu cha mkono wako. Ukileta nitakula. Lakini nitakufa nimeshiba, mama."

Akaangalia kile kidole. Akaniinua mguu akauweka kwenye mapaja yake, mama mkwe huyo, na mimi naona aibu nataka kuutoa, akaushikilia. Alikaa nao hivyo mpaka mbuzi wakarudi.

Asubuhi nikasikia hodi. Nikajua samli hiyo. Nikafungua, mama amesimama na fimbo yake na shuka begani. Mikono mitupu. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, halafu akasema, "Twende basi huko mlikokuwa mnakwenda."

Tulikwenda pole pole. Mimi na kidonda changu nimekifunga vizuri kama alivyosema daktari, yeye na miaka yake. Tulipofika pale njia inaposhuka kuelekea korongoni, kuna lile jiwe pana, akachoka, akaketi. Nikataka nikae naye. Akanisukuma kwa fimbo.

"Nenda wewe. Mimi nakuangalia kutoka hapa."

"Mama, utakaa peke yako?"

"Nenda. Mmoja alipungua akaenda, hakurudi. Nataka nimwone mwingine anapungua halafu anarudi."

Wifi, nilishuka ule mteremko sikuona njia kwa machozi. Nilikwenda mpaka kwenye maji, nikanawa uso, nikapumua, nikageuka. Kupanda ni kugumu, unajua mwenyewe. Nilisimama mara nyingi. Ila kila nikiinua macho naona shuka lake jekundu juu kule, halijasogea, na nikaona siwezi kumweka pale akingoja. Nikapanda.

Nilipofika alinishika mkono, hapa juu, akazungusha vidole vyake. Akasema, "Umerudi." Nikasema, "Nimerudi, mama." Akasema kesho tena.

Ndivyo tunavyofanya sasa. Sijapungua sana bado, kitenge cha bluu kinakataa. Kidonda kimeanza kufunga pembeni. Kilio hakijaisha, nisikudanganye, kuna asubuhi tunakwenda tunalia wote wawili njia nzima, na wale bodaboda wamejifunza kutuamkia na kunyamaza. Mama bado ana hofu. Nikichelewa kule chini anasimama juu ya jiwe, mzee yule, na fimbo yake, ananiita kwa jina langu la nyumbani kwetu, ambalo hapa hakuna anayelijua zaidi yake na wewe. Nami naitika kwa nguvu zote nilizonazo, huku napanda.

Pumzika, Yasinta. Pumzika kabisa, wala usininyooshee mkono. Maneno yangu nitakuja nayo, ila sitaki kuja leo, wala kesho. Mama ananingoja juu.

Ni mimi wifi yako, mke wa kaka yako,
Mama Anjela