Kaburi la Taniboi

Baba,

Mbwa wako anakufa, na hasira niliyo nayo ni juu yako, si juu yake. Daktari wa mifugo alikuja jana kutoka Busia mjini, akamminya tumbo, akasema kuna uvimbe na hakuna la kufanya. Atarudi Jumamosi na sindano ya kumpumzisha.

Mpaka hapo ni mimi wa kumnywesha uji. Mama hataki hata kumwona, na simlaumu. Miaka kumi na mbili mbwa huyu alikalia kiti cha msaidizi kwenye lori lako, kichwa nje ya dirisha, Mombasa hadi Malaba, ndiyo maana ukamwita Taniboi. Mimi nilikuomba unipeleke Mombasa mara moja tu. Ukasema lori si mahali pa mtoto wa kike. Foleni ya mpakani Malaba ikikushika siku tatu, ungeweza kuja kulala hapa Bukhayo. Ulilala garini, eti Taniboi hapendi kuachwa. Sisi je, tulipenda?

Ulipokufa watu walisema atakufuata. Walimngoja akalale kaburini wapate kisa cha kusimulia sokoni. Hakwenda hata siku moja. Alikuja kwenye mlango wa jiko, akajilaza, akaniziba njia. Nilimpiga teke. Ndiyo, nilimpiga, na kesho yake akarudi. Nimemchukia miezi yote hii huku nikimpikia omena. Sasa hawezi kusimama, na mimi ndiye ninayelia shambani kama mjinga.

Baba mdogo, huyo ndugu yako, hakosi neno. "Hiyo mbwa imemaliza kazi. Tia kwa gunia tupeleke mto Sio." Nikamwambia mtoni haendi, atazikwa. Wanaume wote wa boma wakakataa kuchimba, mbwa hazikwi, na mimi nilipochukua jembe baba mdogo akapiga kelele majirani wasikie: "Msichana hachimbangi kaburi hapa! Utaita ingine!"

Nimechimba. Nyuma ya jiko, mbali na wewe. Ulikuwa naye maisha yake yote, inatosha. Viganja vimejaa malengelenge. Na kama kweli shimo hilo litaita mtu, basi limwite huyo ndugu yako kwanza.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile hospitalini ulifungua macho, nami nikasogea, nikijua sasa utaniambia kitu. Ukauliza, "Umepea Taniboi chakula?" Nikasema bado. "Si uende basi." Nikapanda boda mpaka nyumbani, nikabandika sufuria. Nikiwa nasonga ugali wa mbwa, Baba, ukafa peke yako. Sijakusamehe. Wala sijajisamehe mimi niliyekutii, nikatoka hata bila kukushika mkono.

Kwaheri. Lala, kama unalala. Jumamosi daktari akifungua mkoba wake nitakuwa nimeketi chini, kichwa cha Taniboi mapajani mwangu, na nakuahidi nitakaa hapo mpaka akate roho. Sitatoka. Hata ukinituma.

Nafula