Orodha ya Mama Isiyo na Machozi

Jumapili. Mvua imekatika tangu saa nne asubuhi, lakini matope ya Manzese nimerudi nayo hadi hapa Goba, viatu nimeviacha nje ya mlango. Nimekaa barazani na simu mkononi. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama naumwa.

Siumwi. Naona aibu.

Niseme ukweli, maana hapa ndipo ninaposemaga: mimi ni mtu wa kubishana mtandaoni. Kazi yangu ni kufuatilia nyaraka za makontena kule Kurasini, na nusu ya kazi hiyo ni kusubiri mtu agonge muhuri. Katika kusubiri huko ndiko nilikojifunza makosa ya mantiki, kila moja na jina lake. Kumshambulia mtu badala ya hoja. Kukimbilia mila. Kuchochea hisia. Niliyakariri vizuri kuliko nilivyowahi kukariri sura yoyote madrasa. Mtu akiandika jambo nisilolipenda, namtupia jina la kosa lake, ananyamaza. Utamu wake ni kwamba ukishalitaja jina, huna haja tena ya kujibu alichosema.

Baba alifariki miezi minne iliyopita. Mama amekaa eda katika nyumba yao ya Manzese, na eda inaisha Alhamisi hii. Wiki jana niliandika kwenye grupu la ukoo kwamba ikiisha tu nitamchukua aje kukaa na sisi Goba, nyumba ifungwe. Sababu nilikuwa nazo: mtaro unafurika mpaka sebuleni, mama ana presha, na usiku yuko peke yake. Bado naona si sababu za kijinga.

Wa kwanza kupinga alikuwa Mwajuma, mtoto wa shangazi yangu, ambaye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Ni binamu yangu, kwa hiyo ni mtani wangu, na ana haki ya kunisema atakavyo. Kwenye msiba wa baba alinishika kanzu mbele ya watu, akatangaza kwamba nimeiazima na mwenyewe anaisubiri pale nje. Nilikuwa sijatabasamu siku mbili. Nilicheka mpaka nikalia vizuri.

Aliandika hivi: "We Idi, tangu arobaini ipite umekanyaga huku mara ngapi? Mara mbili, tena moja ulikaa kwenye gari unaongea na simu. Leo ndo unajua mama anataka nini?"

Mtani hujibiwa kwa utani. Nilipaswa kumwambia kwamba naogopa kuja kwa sababu ya pilau lake, angenitukana, tungecheka, halafu tungezungumza. Mimi nikaandika: "Huko ni kumshambulia mtu badala ya hoja."

Akasema wajane wote wa ukoo wetu wamebaki majumbani mwao, niwaulize. Nikaandika: "Kukimbilia mila."

Akaandika: "Mama analia, Idi. Nipo naye jikoni hapa."

Nikaandika: "Kuchochea hisia. Machozi si hoja."

Grupu likapoa. Baadaye Baba Mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye msemaji wa mwisho kwetu, akaandika: "Basi. Msomi ameshinda, afanye anavyoona." Na mama, ambaye kwenye grupu hutuma dua na picha za maua tu, akaandika: "Sawa mwanangu."

Siku ile nilijisikia vizuri. Nilipita tena kwenye yale mabishano nikijisoma.

Leo nimekwenda na maboksi, nitangulize vyombo kabla ya Alhamisi. Nimempa shikamoo, amenipokea, amenimiminia chai. Nguo zake zilikuwa zimeshakunjwa na masufuria yamefungwa kwenye shuka. Nilipoinuka kuanza kupakia, akatoa karatasi ya daftari chini ya mto.

"Nisomee haya kwanza kabla hujabeba," akasema. "Nimejaribu kuyapanga. Yale ya machozi nimeyatoa."

Ilikuwa orodha, kwa mwandiko wake mkubwa. Zahanati iko karibu na wanaijua presha yake. Mwajuma ana ufunguo wa akiba na anaweza kumtuma binti yake alale pale. Mtaro unazibulika, ameshazungumza na mjumbe wa mtaa. Kila sababu niliyotoa kwenye grupu alikuwa ameijibu, moja baada ya nyingine, bila kupandisha sauti.

Katikati kulikuwa na mistari aliyoifuta kwa kalamu. Hakuifuta sana. Ilisomeka.

"Baba yenu nilimuuguza chumba hiki."

"Alfajiri bado namsikia akikohoa uani, sitaki kuacha kumsikia."

"Kwa Idi nitaona haya kuomba chai."

Nilipoinua macho mama alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ameikunja, ananitazama kama mimi ninavyomtazama mwenye muhuri dirishani Kurasini nikisubiri kujua kama karatasi zangu zimepita. Mama yangu mzazi.

Mwajuma hakuwa anabishana na mimi aliposema mama analia. Alikuwa ananipa habari. Mama alikuwa jikoni analia, na ndugu akanijulisha, basi. Na aliponiuliza nimekwenda mara ngapi, alikuwa anamuuliza mtu anayetaka kukabidhiwa mama wa watu. Kama hilo halikuwa la kuulizwa, sijui lipi lingekuwa. Jibu lake lilikuwa mara mbili, na mimi nililijua.

Nimemwambia mama habanduki Manzese. Hakufurahi nilivyotegemea. Amesema, "Isije ikawa umenionea huruma tu. Kama hoja hazitoshi, sema."

Nimefungua lile shuka, nikaanza kurudisha masufuria, na hata pa kuyaweka sikupajua, ikabidi anioneshe.

Sasa hivi nimeandika kwenye grupu kwamba nilikosea, mama anabaki, na Mwajuma namwomba radhi. Baba Mkubwa amesema alhamdulillahi. Mwajuma amejibu: "Tumepokea, kaka. Asante." Hakuna tusi, hakuna kanzu ya kuazima. Mtani akikujibu kwa adabu ujue bado amekasirika, na ana haki yake.

Kesho nikitoka kazini nakwenda Manzese, na simu itabaki kwenye gari. Nitakaa jikoni. Mtaro tutauzibua, Mwajuma nitamchokoza mpaka anitukane. Hayo nayaweza.

Ila sijui kama mama ataniambia tena jambo lolote bila kulifuta kwanza.