Injini Ilikuwa ya Moto

9 Januari
Baba,
Shikamoo. Huku hatujambo, bega la kulia la mama tu ndilo bado halinyanyuki. Ile pikipiki ya magurudumu manne ya mfuga kuku tumeinunua. Ni kuukuu, kiti kimeshonwa kwa waya, lakini inabeba madumu yote ya maziwa kwa safari moja. Mwenyewe mfuga kuku alipobonyeza kitufe ilinguruma papo hapo. Mama akacheka: "Sasa nenda shule ya bweni kwa amani, nimepata mtoto mwingine wa kubeba maziwa."
Mwanao

17 Januari
Binti yangu,
Marahaba. Mimi mzima, ila zamu zimenichosha. Hongereni. Lakini hujaniambia: uliigusa injini kabla haijawashwa, kama nilivyokuagiza? Mashine kuukuu ikishapashwa moto, yeyote anaiwasha. Ukweli wake uko kwenye baridi.
Baba yako

20 Februari
Baba,
Shikamoo. Pole na zamu. Nimechelewa kujibu, sikujua nianzie wapi.
Niliigusa. Ilikuwa ya moto. Mfuga kuku alikuwa ananitazama, nikaona haya, nikarudisha mkono mfukoni kama mwizi.
Sasa kila asubuhi kitufe hakisaidii, mpaka uvute kamba. Navuta mimi, bega la mama haliwezi. Mama nimemwambia napenda tu kuiwasha mwenyewe, na kwamba bweni nitaenda mwakani. Wenzangu wameshaondoka. Usimwambie.
Mwanao

1 Machi
Binti yangu,
Marahaba. Nimekusoma nimekaa juu ya ndoo, nimechoka hata hasira sina. Haya hizo umezirithi kwangu. Huku msimamizi ananiongezea zamu, nami naitikia tu, "Sawa, bosi." Usinifuate kwa hilo. Mimi sitamwambia mama yako. Mwambie wewe, asubuhi, injini ikiwa baridi.
Baba yako

26 Machi
Baba,
Shikamoo. Natumaini unapata usingizi.
Nilimwambia, kamba ikiwa mkononi. Mama aliweka dumu chini. "Kumbe! Nami nikadhani umelipenda hili dude kuliko shule."
Akanisukuma pembeni, akaishika kamba kwa mkono wa kushoto. Ikakohoa, ikazima. Akavuta tena, akaitukana yenyewe, mfuga kuku, na kuku wake wote mpaka vifaranga. Ikawaka.
Akakaa juu yake anahema, hanitazami. "Unangoja nini? Kafunge sanduku."
Barua hii naiandikia bwenini.
Na wewe, baba, msimamizi umeshamwambia?
Mwanao