Sala Ndefu ya Jiko la Makindu

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Jana mchungaji mpya alipita hapa nyumbani. Mvua imekataa tena, watu wanalala kwenye veranda za maduka karibu na stesheni, na anataka jiko la kanisa lifunguliwe tena, kama mwaka ule wa njaa. Akaniomba nipike. "Na utakuwa ukituombea kabla ya chakula, kama mama yako," akasema. "Naambiwa hakuna aliyejua kuomba kama yeye." Nikamwomba anipe siku mbili.

Kweli, ulijua kuomba. Ulisimama kando ya sufuria, mwiko mkononi, ukaanza na wagonjwa, ukaenda kwa wasafiri wa barabara ya Mombasa, ukamalizia na serikali. Nilikukanyaga mguu kidogo ili ufupishe, nawe ukaongeza mvua na mifugo. Muthokoi, maharagwe na yale mahindi ya manjano ya msaada yaliyokobolewa, ulipoa tukiwa tumefumba macho. Yule fundi baiskeli asiye na kwao alizoea kunung'unika, "Kwa Kalasinga mtu anakula tu. Haambiwi afunge macho." Hata wewe ulicheka. Kila mtu Makindu alijua kwamba kule kwenye hekalu la Makalasinga, wale Wahindi wa vilemba, chakula kiko tayari kwa yeyote anayeingia.

Ndipo akaja yule nyanya, kwa miguu, akiwa na nusu ya kibuyu, chombo chake cha kulia chakula. Ulimuuliza kwa nini hakuingia kwa Makalasinga, na alikuwa amepita langoni pao.

"Mimi ni mtu wa kanisa," akasema. "Nitakula kwetu."

Ulifurahi sana, Mwaitu. Ukamketisha mbele. Ukamwombea yeye, na watoto wake, na miguu iliyomleta, na siku hiyo sala yako ilikuwa ndefu kuliko zote. Tuliposema Amina, yeye hakufungua macho. Kibuyu kilikuwa bado magotini pake.

Watu walisema alikuwa ameshaisha, chakula cha saa ile kisingemrudisha. Labda. Nilikwambia hivyo mara nyingi, nawe ulinitazama tu, ukingoja nimalize. Hukuomba tena kwa sauti. Ulipakulia watu hata kabla hawajaketi, na wazee wa kanisa wakasema umepoa kiimani. Kibuyu ukakitundika kwenye msumari juu ya mafiga.

Sasa kiko jikoni kwangu. Kuna siku napita karibu nacho nikiwa nimeinamisha uso, na sijui namwonea haya nani.

Ulipokuwa kitandani, siku zako za mwisho, tulikuja kukuombea. Ulinishika mkono katikati ya sala ukauliza, "Wamekula?" Nilidhani ni homa. Siku hizi nikiinua mfuniko wa sufuria nakusikia ukiuliza tena, na ninaogopa kwamba hata huko uliko hujaketi, unamtafuta yule nyanya kwenye foleni. Nimekukumbuka sana. Tena nina hasira nawe, maana uliondoka bila kukubali nikufariji.

Mchungaji atarudi kesho. Nitamwambia nitapika. Kibuyu nitakiosha, na atakayefika wa kwanza ndiye atakayekula nacho. Kuomba pia nitaomba, watu wakishashiba, na macho yangu yakiwa wazi.

Wewe keti kidogo, Mwaitu. Wakishakula, nitakwambia.

Ni mimi, binti yako wa jikoni.