Pete ya Chuma ya Uchochoro wa Mackie

Jumanne, 7 Mei

Mvua, jua, mvua, jua — na hata saa nne haijafika! Wageni kumi na wawili wa kuwatembeza mji wa kale. Lorna akatufuata kwa nyuma, kijitabu mkononi. Biashara ni yake, lazima ajue wageni wake kawaachia nani.

Kwenye kasri sawa. Kanisani sawa. Tukaingia Uchochoro wa Mackie, pale kwenye ngazi, nianze habari za sonara na binti wa jaji — tupu! Jina, mwaka, vyote vimenitoka kichwani. Watu kumi na wawili wananikodolea macho. Sasa mimi nimekaa miaka thelathini na moja nyuma ya kaunta ya mikate. Mdomo wangu haujui kunyamaza mbele ya watu. Nikaona pete ya chuma ukutani, nikaishika, nikasema: inasemekana…

Ikatoka kama ilivyotoka. Bessie Tulloch, ghorofa ya sita, enzi zile za kumwaga maji machafu dirishani. Sheria ni upige ukelele kwanza, walio chini wakimbie. Siku hiyo Bessie sauti imemkauka. Kamwaga — hakimu huyo, kaloa kuanzia wigi mpaka viatu! Kesho yake Bessie akashika pete hii, akaomba, sauti ikarudi, akasikika mpaka Fife ng'ambo ya maji. Tangu hapo, ukiishika, sauti yako haikuangushi.

Wamecheka mpaka machozi. Wakapanga foleni kuishika! Lorna akaniuliza hadithi nimeitoa wapi. Nikasema kwa mama yangu. Mama yangu alikuwa mtu wa Dundee, mji huu kaukanyaga mara mbili maishani!

Mtihani wa beji ya uongozaji ni tarehe 24. Mwaka jana nilifeli, na hawakupi zaidi ya mara mbili. Nikifeli tena, hakuna beji, na hakuna beji, hakuna kazi. Duka la mikate nalo limeshafungwa. Sasa nina kichaa gani cha kutunga?

Alhamisi, 9 Mei

Jamani! Nimepita Uchochoro wa Mackie na mfuko wangu wa viazi, nikakuta mwongozaji wa kampuni nyingine, kavaa kilti, ile sketi ya kiume ya hapa kwetu, mpaka magotini, anamsimulia Bessie! Hakimu amekuwa askofu. Na ameongeza mbwa.

Ndiyo kazi yetu hii, tunaibiana kwa masikio. Lakini nilijikuta nina hasira. Mbwa wa nini?

Jumapili, 12 Mei

Wanafunzi wa chuo wameanza kuja kuishika pete kabla ya mitihani yao. Dougal kacheka mpaka chai ikampalia. Ati, mke wangu, umemzaa Bessie uzeeni, haya mlee.

Mume gani huyu!

Ijumaa, 17 Mei

Leo nimeumbuka. Nimefika pale na wageni wanane, dirisha la chini likafunguliwa kwa kishindo. Mzee, nywele zimemsimama, sweta la kijani.

— Wewe! Mwenye mwavuli wa manjano! Njoo hapa!

Nikawaambia wageni wapige picha kwanza. Nikasogea. Anaitwa Wattie Geddes, miaka themanini na minne, kaishi pale tangu hajaota ndevu.

— Hiyo pete nimeigongomea mimi, binti. Mwaka themanini na saba. Nafungia baiskeli.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba radhi, nikamwambia Mzee Wattie, nisamehe, nawaambia ukweli sasa hivi na hawatakusumbua tena.

— Thubutu!

Kisha akashusha sauti. Mkewe Netta kafariki Novemba. Miezi sita hajaongea na mtu ila daktari na msoma mita. Sasa watu wanamsalimia siku nzima. Jana kasalimiwa kwa lugha saba, na kina mama wawili wa Kijapani wamempa biskuti. Akanionyesha kopo lenyewe. Ameanza hata kunyoa.

— Ukimuua Bessie, utakuwa umeniua na mimi. Umesikia?

Nimesikia. Nimerudi kwa wageni, nikasimulia Bessie yote, mwanzo mwisho, na mzee kaegemea dirishani anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwepo. Mwishoni akasahihisha: alikuwa ghorofa ya tano, si ya sita!

Nimecheka njia nzima mpaka nyumbani. Halafu nikakumbuka mtihani, kicheko kikakata.

Jumatano, 22 Mei

Barua kutoka Chama cha Waongozaji. Mtahini ni Bwana Abercrombie. Lorna kaisoma kwa sauti, anaruka ruka. Bwana huyo amesikia habari za Bessie, anataka Uchochoro wa Mackie uwemo kwenye njia. Ati, Bi Rennie, hadithi ya mama yako itakupitisha!

Chini kabisa, kanuni ya mtihani: ukisema “inasemekana”, uweze kumtaja aliyesema, la sivyo umefeli.

Aliyesema ni mimi. Peke yangu. Nimemkodolea Lorna macho nikashindwa kumwambia. Ana furaha mno. Chakula cha jioni kimenishinda, na ilikuwa supu ya samaki ya Dougal, ambayo huwa siiachi hata tone.

Ijumaa, 24 Mei. Saa tano na robo, mkahawani, mbele ya uchochoro

Naandika mbio. Nina dakika kumi.

Kasri — vizuri! Kanisa — vizuri sana! Kwenye moyo wa mawe pale barabarani, ambao wenyeji huutemea mate kwa bahati, kabla sijafungua mdomo, Bwana Abercrombie keshatema mate katikati kabisa. Mtoto wa mjini huyo. Nikampenda. Koti refu, kope nyeupe, sauti imekwaruza kama mlango mbovu. Ati binti yake anaolewa kesho, yeye kaisoma hotuba yake kwa sauti wiki nzima, sasa koo ndiyo hiyo.

Tukafika kwenye pete. Lorna ananikonyeza. Nikaanza: inasemekana…

Penseli ikainuka.

— Na nani, Bi Rennie?

Mara dirisha, pwaa!

— Na bibi yangu! Na bibi yake bibi yangu! — Mzee Wattie huyo, kavaa tai, mkono kifuani, anaapa. — Bessie alikuwa jirani yetu! Ghorofa ya tano!

Bwana Abercrombie hakumtazama hata. Alinitazama mimi.

— Bi Rennie, ni kweli?

Mvua ya mawe ikashuka hapo hapo, nadhani ilinihurumia. Tukakimbia wote. Mlangoni mwa mkahawa Bwana Abercrombie akasema haya, chai dakika kumi, jibu lako utanipa pale pale kwenye pete.

Lorna kaenda kuagiza, hajui kitu. Nimefikiri. Nikisema ndiyo, beji napata, na kila nikiivaa nitajua. Nikisema hapana, nimefeli, na mzee arudi kwenye ukimya wake. Ukweli unaniuma pande zote mbili.

Basi. Nimeamua. Nitasema kweli: pete ni ya Wattie Geddes, ya mwaka themanini na saba, ya baiskeli. Bessie ni wangu. Halafu nitamwendea mzee kila siku na mkate wangu mwenyewe, beji nisiwe nayo. Nalia kidogo, lakini nimeamua.

Mvua imekata. Kikombe cha Bwana Abercrombie hiki hapa, hajakigusa. Kaenda wapi?

Ah. Namwona kupitia dirisha la mkahawa. Yuko uchochoroni peke yake. Anatazama juu, anatazama chini. Anavua glavu — Mungu wangu — kaishika pete! Kwa mikono miwili! Macho kayafumba, midomo inacheza. Mzee Wattie kachungulia, anamwelekeza: si hivyo, bwana, mkono wa kulia tu! Naye kauondoa wa kushoto!

Anafungua macho. Anageuka huku.

Ameona kwamba nimemwona.