Yaya, Mashine Haikuuliza

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Ninakuandikia kwa sababu nimeishiwa na watu wa kuwauliza. Niko kwenye chumba chetu cha kazi, hapa juu ya soko la Kamembe, na kiti chako hakuna aliyethubutu kukikalia.

Unakumbuka sheria yako? Tulikuwa wawili tu, wewe na mimi mdogo wako, kwenye ile programu inayowapangia wakulima wa mpunga wa Bugarama zamu za maji. Kazi zetu zilikwenda kwenye seva moja. Aliyetaka kusukuma kwa nguvu, yaani kazi yake ifute iliyokuwapo na kukaa mahali pake, ilibidi aseme kwanza. Ulikuwa unapaza sauti: "Tosha mikono!" Nami naondoa mikono kwenye kibodi, naiinua juu kama mwizi aliyekamatwa, na wewe unacheka mpaka muuza sambusa wa chini anauliza kuna nini. Nisipojibu, husukumi.

Halafu ofisi ikaleta roboti. Wala si chuma, ni maagizo yanayojiendesha yenyewe: toleo jipya likiwa tayari, inalikusanya, inalipima, inalisukuma kwa nguvu. Ulibisha sana kwenye mkutano. Wakakujibu, Maman, tunaokoa muda. Uliporudi ulinuna siku nzima, ukaniuliza huo muda wataupeleka wapi.

Siku ile nilikuwa Bugarama, miguu ndani ya tope, ulipopiga simu kutoka hospitalini ulikolazwa. Ulikuwa umemaliza badiliko la mashamba ya mwisho wa mfereji, yale yanayofikiwa na maji yakiwa yamekwisha. Sauti yako ilikuwa ndogo sana.

"Nilishatuma," ulisema. "Kuna maneno nilikuandikia mule. Utasoma ukifika."

Kabla sijafika Kamembe, roboti ilikuwa imepita. Ilichukua nakala ya zamani ikaisukuma juu ya yako, ikaifuta pamoja na maneno yako, kisha ikawasha alama ya kijani kwamba mambo yote ni sawa. Hata hiyo kijani niliiamini. Kesho yake alfajiri ukafariki, na nilikuwa bado sijajua kwamba kuna kitu cha kukuuliza.

Nimewaandikia wenye seva, nimewabembeleza mpaka nimeona aibu. Wanasema mabaki yalishasafishwa. Ikabaki kompyuta yako. Nikavuka mpaka wa Rusizi ya kwanza kwenda Bukavu kwa shemeji, mume wako, njiani nikiomba Mungu kama mtoto. Alinimiminia chai, akainamisha kichwa.

"Nilifuta byote," alisema. "Kila nikiwasha, jina yake ya ndoa ilikuwa natokea. Sikuweza."

Ningemkasirikia vipi? Tulilia, wanaume wawili wazima, chai ikapoa mbele yetu.

Sasa wakulima wa mwisho wa mfereji wananipigia simu kila asubuhi, mpunga wao unakauka. Nimeliandika upya badiliko lako kwa kukisia, na naona linafanya kazi. Nimeizima roboti, wanifukuze wakitaka. Kabla ya kupokea kazi, seva inataka jina la aliyeifanya na maneno machache ya kueleza, pale pale uliponiandikia yako. Kwenye jina nimeandika lako. Kwenye maneno sijaandika kitu tangu asubuhi, na watu wanangoja maji.

Ulitaka kuniambia nini, Yaya?

Lala salama,
Mdogo wako